Kenya ni nchi ya kisekula, au ni nchi ya Mungu yenye Kifungu cha 8?

#1 MpitaNjia_Ngara
Hamjambo wadau. Kila mwanasiasa akishika maikrofoni kanisani Jumapili, Jumatatu kuna mtu redioni analalamika kwamba "Kenya ni nchi ya kisekula", yaani isiyoendeshwa kwa dini. Katiba ya 2010 haina neno hilo popote. Ina Kifungu cha 8, sentensi moja fupi kama ujumbe wa M-Pesa: hakutakuwa na dini ya serikali. Utangulizi wa katiba hiyo hiyo unaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu na unamalizia kwa kumwomba aibariki nchi. Wimbo wa taifa nao maneno yake ya kwanza mnayajua. Dai langu ni kwamba Kenya si ya kisekula. Imekataa kuchagua dhehebu, basi. Anayepinga aje na kifungu, asije na hasira.

#2 Wakili_Mtaani
Vifungu ninavyo, tena si kimoja. Cha 8 hakisomwi peke yake. Kisome na 32: uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Ibara ndogo ya 3 inakataza mtu kunyimwa kazi, nafasi katika taasisi au huduma kwa sababu ya imani yake. Ya 4 inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Ongeza 27(4), ambapo dini, dhamiri na imani zimeorodheshwa kando kando kati ya mambo yasiyoruhusiwa kumbagulia mtu. Malizia na 91(2): chama cha siasa hakiwezi kuundwa kwa misingi ya dini. Ukivijumlisha una dola ya kisekula, iwe imeitwa hivyo au haikuitwa. Utangulizi ni salamu tu, haumpi mtu haki wala haumtwishi wajibu.

#3 Ustadh_Pangani
Wakili, umeruka 170 kama mtu anayeruka mtaro. Mahakama za Kadhi ziko ndani ya katiba na Kadhi analipwa na Idara ya Mahakama. 24(4) inalegeza hata masharti ya usawa kadiri inavyohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Dola ya kisekula yenye majaji wa sheria ya dini, hiyo ni ya aina gani?

#4 Mbongo_Eastleigh
Jirani zenu tumeandika wazi. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wakenya mmeogopa nini?

#5 MpitaNjia_Ngara
@Mbongo_Eastleigh, na Zanzibar hakuna makadhi wanaolipwa na serikali? Endelea na biriani yako.

#6 Mbongo_Eastleigh
Wapo. Lakini niliyotaja ni yaliyoandikwa, sikusema yote yanafuatwa. 😄

#7 Maktaba_ya_McMillan
Ugomvi huu una umri. Aliyeuzindua usekula kwa jina hilo ni George Jacob Holyoake, Mwingereza, mwaka 1851. Alikuwa ameshafungwa miezi 6 mwaka 1842 kwa kosa la kukufuru, kwa hiyo hakuwa mtu wa nadharia tupu. Alitaka jina lisilomlazimu kila mara kubishana kama Mungu yupo. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo ya dunia hii (mishahara, elimu, afya, sheria) yaamuliwe kwa sababu ambazo muumini na asiyeamini wote wanaweza kuzipima. Lililo nje ya dunia hii lijadiliwe na wanaolitaka. Mwenzake Charles Bradlaugh akamwambia kwamba huko ni kujificha: ukifuata hoja hadi mwisho utamkana Mungu tu. Hawakukubaliana. Kila anayesema leo "usekula ni ukafiri uliovaa suti" anarudia upande wa Bradlaugh bila kujua, ingawa Bradlaugh aliusema kama sifa.

Kwa hiyo mkibishana hapa tenganisheni mambo matatu. Kuna dola: je, inatumia dini kutunga na kutekeleza sheria? Kuna jamii: je, watu wanasali, wanafunga, wanamlipa mganga? Na kuna mtu mmoja mmoja: je, anaamini? Uingereza dola ina kanisa rasmi na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, lakini viti vya kanisani vingi ni vitupu. Marekani ni kinyume kabisa: katiba inakataza kanisa la serikali tangu 1791, na makanisa yanajaa. Kipimo kimoja hakikuambii kingine.

#8 Mchungaji_Kayole
Asante Maktaba, lakini hapa Nairobi sijaona huo usekula wa katikati. Naona waumini na naona wapinga Mungu. Nina swali dogo. Mtu asiyeamini akiitwa kutoa ushahidi Milimani anaapa kwa nini? Kwa mshahara wake?

#9 Karani_Mstaafu
@Mchungaji_Kayole, haapi. Anathibitisha. Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 15, inamruhusu yeyote anayekataa kuapa, ama kwa sababu hana imani ya dini au kwa sababu imani yake inamkataza kuapa, atoe uthibitisho wa dhati badala yake. Uzito ni ule ule.

Kwa vile watu wengi hukwama hapa, utaratibu ni huu. Karani anakuuliza dini, au anakunyooshea tu Biblia kwa mazoea. Usiipokee halafu ndipo uanze hotuba. Sema kabla hujaigusa: "Mheshimiwa, nitathibitisha." Ukiulizwa sababu, moja kati ya zile mbili inatosha, tena kwa sentensi moja. Utasomewa maneno yasiyomtaja Mungu na utayarudia. Kosa ni kunyamaza, kuapa kwa Biblia, kisha wakili wa upande wa pili akikuhoji unakiri kwamba huiamini. Ushahidi hauharibiki kisheria, ila umempa cha kuchezea mbele ya hakimu.

Kwenye hati ya kiapo ndipo makosa yanapojaa. Watu wanabadilisha mstari wa kwanza, "naapa" inakuwa "nathibitisha kwa dhati", halafu wanasahau sehemu ya chini anapotia sahihi na muhuri kamishna wa viapo. Huko bado panasomeka kwamba umeapishwa Nairobi tarehe fulani. Hati inajipinga yenyewe na karani mkali wa masjala atairudisha. Badilisha pande zote mbili kabla hujachapisha. Kukwaruza kwa kalamu baadaye kunahitaji kamishna atie sahihi fupi kando ya kila badiliko.

#10 Mchungaji_Kayole
Sawa, nimeelewa. Lakini asiyeogopa moto wa milele atazuiwa na nini asidanganye?

#11 Wakili_Mtaani
Atazuiwa na jela ya Kamiti. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63: ushahidi wa uongo ni hadi miaka 7, na sheria inasema wazi kwamba namna uliyoapishwa haijalishi. Walioapa kwa Biblia na kudanganya wangetosha kujaza uwanja wa Nyayo, Mchungaji.

#12 Maktaba_ya_McMillan
Niongeze kitu kwa @Karani_Mstaafu. Wengi hudhani uthibitisho uliletwa na wakana Mungu. Ulidaiwa kwanza na Wakristo. Maquaker wa Uingereza walikataa kuapa kwa sababu ya Mathayo 5, "msiape kabisa", na walifungwa kwa hilo hadi Bunge likawapa sheria yao mwaka 1695. Hao ndio Kanisa la Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Maquaker wengi kuliko zote duniani. Asiyeamini alisubiri karibu miaka 200 zaidi. Bradlaugh huyo huyo alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akaomba kuthibitisha, akakataliwa. Akasema basi ataapa, akakataliwa tena kwamba kiapo cha mkana Mungu si kiapo. Wapiga kura wakamrudisha kila mara. Aliketi mwaka 1886, na sheria ya kuruhusu kila mtu kuthibitisha ikapita 1888. Sheria zetu za viapo zina nasaba hiyo. Hata viapo vya Rais na mawaziri katika Jedwali la Tatu la katiba vina njia mbili, na maneno ya kumwomba Mungu msaada ni ya anayeapa tu.

#13 Mlahidi_Umoja3
Kwa hiyo Rais asiyeamini anawezekana kisheria.

#14 Ustadh_Pangani
Kisheria. Kura utazipata wapi, kwenye kundi lenu la WhatsApp?

#15 MpitaNjia_Ngara
Katibu wa Chama cha Wakana Mungu Kenya mwenyewe alijiuzulu 2021 na chama kikatangaza kwamba amempata Yesu. Hata kundi lenyewe halikai. 😂

#16 Mlahidi_Umoja3
Cheka tu. Lakini chama hicho kinakupa jibu la swali la kwanza la uzi. Kilisajiliwa Februari 2016 chini ya Sheria ya Vyama, ile ile Sura ya 108 inayosajili makanisa. Kabla mwaka haujafika kati usajili ukasimamishwa, sababu ikiwa eti ni tishio kwa amani na utulivu. Wakaenda mahakamani na chama kipo hadi leo. Dola inayouliza kama kutoamini ni hatari kwa utulivu bado haijasoma neno "dhamiri" kwenye kifungu cha 32. Na ukiona hilo si kitu, soma kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu: kusema au kuandika neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu, mwaka mmoja jela. Mimi sina kifungu kinacholinda hisia zangu.

#17 Takwimu_Bila_Chumvi
Nimesubiri mtu alete idadi, naona kila mmoja anakwepa. Sensa ya 2019: wasio na dini au wakana Mungu 755,750, kama asilimia 1.6. Sensa ya 2009: wasio na dini 922,128, asilimia 2.4. Idadi ya watu iliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, lakini hao walipungua. Wanaosema "vijana wa Nairobi wanaacha dini kwa kasi" waanze hapo.

#18 Mlahidi_Umoja3
Sensa hiyo haikupima imani. Anayejibu ni mkuu wa nyumba. Kijana wa Umoja asiyeamini anaishi na mamake, karani wa sensa anafika na tableti, mama anasema "sote ni Wakatoliki". Imeisha.

#19 Takwimu_Bila_Chumvi
Hilo linaeleza kwa nini idadi ni ndogo. Halielezi kwa nini imeshuka, kwa sababu 2009 pia mkuu wa nyumba ndiye aliyejibu. Tena kaunti iliyoongoza 2019 haikuwa Nairobi. Ni Kilifi.

#20 Mwana_wa_Kaya
Kilifi ina maelezo yake. Mzee wa Kigiriama anayetambikia koma, mizimu ya mababu, ukimuuliza "dini yako?" anasikia "wewe ni wa kanisa au wa msikiti?" Atasema hana. Wala si mkana Mungu, Mulungu anamjua kabla ya mmisionari kuja. Mmemhesabu kwenye safu ya wanaokana.

#21 Takwimu_Bila_Chumvi
Safu ya dini za jadi ilikuwepo kando, Mwana wa Kaya. Ilipata 318,727 mwaka 2019, chini ya 635,352 za 2009. Kwa hiyo safu zote mbili zimepungua. Maelezo yaliyopo ni matatu: watu wa jadi wameingia makanisani, au makarani wa sensa wamebadilika namna ya kuuliza, au ni aibu ya kujibu "hana" mbele ya majirani. Data haichagui.

#22 Mwana_wa_Kaya
Safu kuwepo kwenye tableti na kusomwa kwa sauti ni mambo mawili.

#23 Kipusa_wa_Parklands
Na mmeweka "hana dini" na "mkana Mungu" kikapu kimoja. Kuna anayemwamini Mungu lakini hana kanisa. Kuna anayesema haiwezekani kujua. Hao mwanasayansi Mwingereza Huxley aliwapa jina la agnostiki mwaka 1869. Kuna asiyeamini kabisa. Kuna Mhindu wa hapa asiyeamini lakini anawasha taa za Diwali kwa ajili ya bibi yake. Wanne tofauti, jibu moja.

#24 Mchungaji_Kayole
Diwali si sikukuu ya taifa lakini.

#25 Kipusa_wa_Parklands
Imo katika Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, ila kwa Wahindu pekee. Ijumaa Kuu na Krismasi ni za kila mtu, na Idd-ul-Fitr pia. Dola yetu haina dini lakini ina kalenda. 😊

#26 Mwalimu_wa_Zamu
Hoja za katiba ni tamu, lakini mahali usekula unapoumia ni shuleni. Sheria ya Elimu ya 1968 ilihamishia shule za misheni kwa serikali, kanisa likabaki kuwa "mdhamini". Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeeleza kazi za mdhamini: uwakilishi kwenye bodi, ushauri wa mambo ya kiroho, kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe, na alinde imani za wengine. Walimu tunalipwa na TSC, tume ya serikali ya walimu. Kwa hiyo shule ni ya umma, walimu ni wa umma, na jina kwenye lango ni la mtakatifu.

Matatizo ni yale yale kila muhula. Mdhamini anadhani anaajiri mwalimu mkuu. Sheria haimpi hilo, anashauri tu. Mzazi Mwislamu anaambiwa ibada ya Ijumaa asubuhi ni "utaratibu wa shule". Mzazi asiye na dini anagundua kwamba karatasi ni tatu tu: elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Ya nne ya maadili bila dini haipo. Akitaka mtoto asihudhurie ibada aandike barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa bodi, ataje 32(4), na aombe mtoto akae maktaba na mwalimu anayemsimamia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo wanayosahau. Shule haiwezi kumwacha mtoto bila uangalizi, kwa hiyo barua isiyosema mtoto awe wapi inarudi na "haiwezekani".

#27 Wakili_Mtaani
Na usitegemee sana mahakama, Mwalimu. Kesi ya hijabu ya Isiolo, shule ya udhamini wa Methodisti: Mahakama ya Rufani 2016 iliruhusu hijabu. Mahakama ya Juu Januari 2019 ikaitengua, lakini kwa sababu ombi la hijabu halikuletwa kwa njia sahihi. Swali lenyewe halikujibiwa. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema msichana wa Kirasta aliyekataliwa shuleni Kibera ana haki ya kusoma na rasta zake, kwamba hiyo ni imani kama imani nyingine. Mwaka mmoja, dalili mbili.

#28 Ustadh_Pangani
Wafaransa hawana shida hiyo. Sheria ya Desemba 1905 ilitenga kanisa na dola, na ile ya 2004 ikaondoa hijabu katika shule za umma.

#29 Maktaba_ya_McMillan
Wana shida hiyo sana, Ustadh. Hata sheria ya 1905 haitumiki Alsace na Moselle, kwa sababu mwaka huo maeneo hayo yalikuwa ya Ujerumani. Makasisi wa huko bado wanalipwa na dola ya Ufaransa. Uturuki iliingiza usekula katika katiba mwaka 1937, na bado serikali inawaajiri maimamu kupitia idara iliyoundwa 1924. Kwa hiyo Kadhi kulipwa na serikali hakuthibitishi chochote peke yake. Kuna usekula wa kuitoa dini nje ya ofisi, kuna wa kuidhibiti, kuna wa kuwapa wote nafasi sawa. Sisi naona tunajaribu huo wa mwisho, na tunapunja wasio na kundi la kuwasemea.

#30 Ustadh_Pangani
Na Kadhi hakutokana na usekula wala na upendeleo. Ni mkataba. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia tangu 1895. Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua: ukanda unaingia Kenya, makadhi wanabaki. Tena wahusika wote wawe Waislamu na wakubali mamlaka yake. Asiyetaka anakwenda mahakama ya kawaida.

#31 Wakili_Mtaani
Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu walisema kuziweka Mahakama za Kadhi katika katiba ya zamani kulikwenda kinyume na kutenga dini na dola. Agosti wananchi wakazipitisha tena kwa kura ya maoni. Chagua unayemwamini.

#32 Bwana_Harusi_Mtarajiwa
Samahani kwa kuingilia. Mchumba ni Mkatoliki, mimi sina dini. Sheria House, kwa msajili wa ndoa, wanatufungisha ndoa bila padri?

#33 Karani_Mstaafu
Wanafunga. Ni ndoa ya kiserikali chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Mnaomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnatoa ilani. Isipungue siku 21 kabla ya ndoa wala isizidi miezi 3. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanatoa ilani mapema, ukumbi unachelewa, ilani inapitwa, wanaanza upya. Aliyewahi kuoa aje na amri ya mwisho ya talaka, ile ya muda haitoshi. Mjane aje na cheti cha kifo. Mashahidi wawili. Na ni ndoa ya mke mmoja, usije baadaye ukamtafuta Ustadh.

#34 Ustadh_Pangani
Mlango uko wazi, lakini mke wa kwanza asome kwanza cheti. 😂

#35 Mchungaji_Kayole
Turudi kwenye mada. Baada ya Shakahola 2023, waumini waliofunga hadi kufa, miili zaidi ya 400, serikali imeunda jopo na inataka kutudhibiti. Huo si usekula, huo ni wa Uturuki.

#36 Mlahidi_Umoja3
Kuzuia watu wasiuawe kwa njaa si kudhibiti imani. Kaburi halina dhehebu.

#37 Wakili_Mtaani
Tofauti iko kwenye unachokidhibiti. Hesabu za fedha, usalama wa jengo, uandikishaji wa viongozi: hayo kila chama kinafanyiwa. Kudai mchungaji awe na shahada ya theolojia ni kuifanya serikali iamue theolojia ipi inatosha. Kanuni za awali zilizotaka mambo hayo ziliondolewa Januari 2016 baada ya makanisa kupiga kelele, na waliopiga kelele zaidi hawakutenganisha hesabu na shahada.

#38 MpitaNjia_Ngara
Na kanisa la Ikulu je? Julai 2025 Rais alisema atalijenga kwa pesa zake. Pesa zake, Kifungu cha 8 kinahusikaje?

#39 Wakili_Mtaani
Ardhi ni ya umma. Jengo hufuata ardhi. Siku anayejenga akihama, mwenye kanisa ni serikali.

#40 Kipusa_wa_Parklands
Kambi za jeshi zina makanisa na misikiti miaka yote, na makasisi na maimamu wenye vyeo na mishahara. Hayo yamefuata ardhi ya nani?

#41 Wakili_Mtaani
Ya umma pia. Lakini askari hawezi kutoka kambini Jumapili akaenda kusali anakotaka. Rais ana msafara.